Neno la Jenerali Harcombe

Kila uchaguzi ulipofika Aldercombe, watu wa Jenerali walimfuata Gideon Yelland kibandani kwake wakamchukua kama wachukuavyo bendera na viti. Walimvua aproni ya ngozi, wakamvika koti lake jekundu la zamani lililoliwa na nondo kwapani, wakambandika kifuani utepe wa bluu, rangi ya chama cha Jenerali, kisha wakamtembeza hadi Soko la Nafaka, lilikosimamishwa jukwaa. Alipanda ngazi akiukokota mguu wa kushoto. Bwana Septimus Froud, wakili aliyesimamia kampeni ya Jenerali, alikuwa akimnong'oneza palepale, "Polepole, Sajini. Waache wauone mguu."

Na watu waliuona mguu, na Gideon alisema yaleyale aliyoyasema uchaguzi uliopita.

"Jamani, mnanijua. Mimi ni Yelland, fundi viatu. Mguu huu niliuacha Hispania..."

"Mbona bado unao?" mtu alipaza sauti kutoka upande wa utepe wa njano.

"Niliacha nusu! Nusu nyingine nimerudi nayo nikupige teke wewe, Bob Tozer!"

Watu walicheka, yai likaruka, likampata mpiga tarumbeta. Gideon akaendelea kueleza jinsi alivyombeba Kapteni Harcombe, ambaye sasa ni Jenerali Sir Lucius Harcombe, kutoka chini ya ukuta wa maadui, risasi zikinyesha. Alipomaliza, Jenerali mwenyewe, mrefu, mwekundu wa uso, nywele nyeupe pe, alimwekea mkono begani, na upande wa bluu wote ukalipuka kwa shangwe. Baada ya hapo Gideon alikuwa hahitajiki tena. Alishuka ngazi peke yake.

Wenye haki ya kupiga kura walipanda mmojammoja kutaja jina la mtu wao mbele ya kila mtu. Gideon hakuwa mmoja wao. Sheria ilitaka mwanamume mwenye nyumba ya thamani fulani, na nyumba ya Yelland, vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kufumia sufu, haikufika hata nusu.

"Hivi wewe," mkewe Thirza alimwambia akimpokea lile koti, "unampigia debe mtu usiyeweza kumpigia kura. Ungekuwa farasi wangekupa shayiri angalau."

"Nina sababu yangu."

"Naijua sababu yako. Imekaa pale uani inapalilia viazi, na haijakuomba kitu."

Sababu hiyo ilikuwa Amos, mdogo wake Gideon.

Ndugu hao wawili walikwenda vitani pamoja, enzi zile Waingereza walipokuwa wakipigana na Wafaransa katika nchi ya Hispania. Gideon alitangulia kujiandikisha, akapata cheo upesi. Amos akamfuata kwa sababu alikuwa akimfuata kaka yake popote tangu alipoanza kutembea. Alikuwa kijana wa vichekesho, mwimbaji, asiyejua kukaa kimya hata kwenye foleni.

Mwaka mmoja jeshi lilikuwa likirudi nyuma milimani. Mvua ilikuwa haikatiki na magari ya chakula yalikuwa yamekwama huko nyuma kwenye tope. Jenerali mkuu wa wakati huo alikuwa ametoa amri kwamba askari atakayegusa mali ya mwanakijiji atakiona cha mtema kuni. Wakapita kijiji kimoja. Amos akatoka nyuma ya zizi akiwa amefunga vifungo vyote vya koti hadi shingoni, anatembea kwa heshima kama kasisi. Angepita salama, ila yule bata bukini aliyemficha ndani ya koti alikuwa hai, na mbele kabisa ya ofisa mmoja juu ya farasi, akalia.

Kikosi kizima kiliangua kicheko. Hata Amos alicheka. Ofisa hakucheka.

Maofisa watatu walikaa juu ya mabegi yao wakaisikiliza kesi, na ilikwisha kabla sufuria ya maji haijachemka. Mmoja wa watatu hao alikuwa Kapteni Lucius Harcombe, ambaye Gideon alikuwa sajini wake na ndiye aliyemtunzia hema. Kapteni alikuwa mdogo kuliko wale wengine wawili kwa umri na kwa cheo. Hukumu ilikuwa mijeledi mia tatu.

Walimfunga Amos kwenye mikuki iliyosimamishwa kwa pembe tatu, kikosi kikiwa kimepangwa pande zote kutazama. Wapiga ngoma ndio waliochapa, kwa zamu, kila mmoja akichoka akampisha mwenzake. Gideon alisimama mbele ya mstari wake, mkono kwenye mshono wa suruali, macho mbele, kwa sababu sajini akigeuza uso naye anachapwa. Mwanzoni Amos alimwita kwa jina. Baadaye aliacha. Daktari alisimamisha kazi hiyo idadi ikiwa haijatimia, akasema iliyobaki imaliziwe akipona.

Jioni hiyo Gideon aliingia kwenye hema la Kapteni kuchukua buti za kusafisha. Alimkuta ameinama juu ya ndoo, anatapika. Homa ya milimani ilikuwa imeanza kumshika. Kapteni alipomwona, alimkamata mkono.

"Yelland," alisema, "siku nitakapokuwa mtu mwenye kauli, jambo hili nitalikomesha. Unanisikia? Nishike kwa neno hilo."

"Nimesikia, afande," Gideon akajibu.

Akamshika kwa neno hilo. Majuma machache baadaye jeshi lilishambulia mji wenye kuta, Kapteni akaangushwa na risasi ya paja chini ya ukuta uliobomoka. Watu walikuwa wakikimbia kurudi. Gideon alirudi kinyume chao, akampakia mgongoni, akaanza kushuka naye kwenye vifusi, na karibu na handaki risasi nyingine ikampata yeye mwenyewe gotini. Alitambaa naye sehemu iliyobaki. Watu walisema ni mapenzi ya askari kwa ofisa wake. Gideon hakuwahi kuwakatalia, lakini alipokuwa akitambaa kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: huyu akifa, neno lake linakufa naye.

Ndugu wawili walirudi Aldercombe, mmoja akichechemea, mwingine akiwa mzima wa miguu. Ila Amos hakuimba tena. Hakuweza kufanya kazi kiwandani kwa sababu kila mara mtu aliposimama nyuma yake mikono ilimtetemeka, uzi ukakatika. Akawa mtu wa uani: viazi, kabichi, kuku wa Thirza. Alioga akiwa peke yake, mlango umefungwa kwa komeo. Katika nyumba ya vyumba viwili, Thirza aliishi miaka yote hiyo asiwahi kuuona mgongo wa shemeji yake.

Gideon akangoja.

Kapteni alipona, akaenda Ubelgiji, akapata cheo cha meja. Alipokuja likizo kwenye jumba la ukoo wao juu ya kilima, Gideon alipanda kumsalimia na kofia mkononi.

"Lile jambo letu, afande," akasema mwishoni, mlangoni. "Sijalisahau."

"Na mimi sijalisahau, Yelland. Lakini meja ni nani? Kauli yangu inaishia kwenye kikosi changu."

Basi. Gideon akashuka kilima, akimwona Meja ni mtu mkweli. Meja akaenda India, akarudi kanali. Gideon akapanda tena.

"Lile jambo letu, afande."

"Ah! Umri unasogea, eh? Vumilia, Sajini. Mambo hayo yanaamuliwa London, na London hawamjui kanali."

Akaenda tena India, akateka ngome fulani ambayo hakuna mtu Aldercombe aliyeweza kulitamka jina lake, wakamfanya jenerali na kumpa u-Sir. Mji ulimpokea kwa kengele. Gideon safari hii alipanda kilima kwa haraka mpaka goti likavimba, maana jenerali ni mtu mwenye kauli, hilo halina ubishi. Jenerali akamkalisha sebuleni, akampa glasi ya pombe ya tufaha kwa mkono wake mwenyewe.

"Nitakwambia ukweli," alisema. "Sasa hivi wanaosikilizwa ni wabunge. Wakinichagua nikaingia Bungeni, hapo ndipo nitaweza kusukuma mambo ya watu kama wewe."

Hivyo ndivyo Gideon alivyoingia jukwaani na lile koti lake. Hakusukumwa na mtu. Alikuwa na hamu kuliko Froud. Na Jenerali alipochaguliwa mara ya kwanza, Gideon alilewa kwa furaha, akamkumbatia Amos kwenye matuta ya viazi, na Amos akajikunyata kama aliyeguswa na moto.

Lakini mbunge mpya, ilisemekana, hasemi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili chama chake kilikuwa nje ya serikali. Wa tatu kilikuwa ndani, na mtu wa serikali hawezi kusema ovyo. Kisha uchaguzi tena, na koti tena, na yai. Viatu vingi vilishonwa kwenye kile kibanda kwa hasira. Watu walisema mishono ya Yelland haifumuki, hawakujua kilichokuwa kikiisukuma nyundo yake.

"Siku moja mwambie waziwazi," Thirza alisema. "'Jambo letu, jambo letu.' Kama vile mnaficha mahari."

"Ofisa hakumbushwi neno lake kama mtoto. Yeye mwenyewe anajua."

"Ehe. Anajua."

Ndipo siku moja mjumbe akashuka kutoka jumbani na habari kwamba Bunge litajadili mijeledi jeshini. Kulikuwa na askari aliyechapwa hadi kufa katika kambi fulani, magazeti yamepiga kelele, na mbunge mmoja wa kaskazini ameleta hoja ya kuifuta kabisa. Jenerali Harcombe angesema. Na Jenerali alimtaka Sajini Yelland aje London kumsikiliza. Nafasi ya roshani ya wageni amekwisha kumwombea.

Gideon alikaa kitako kwenye benchi lake, kiatu cha mwanamke bado mkononi. Akasema taratibu, "Unaona, Thirza? Unaona sasa?"

Thirza, ambaye hakuwa mtu wa kukubali upesi, alimpigia pasi shati mara mbili. Gideon alimtaka Amos waende wote. Amos alikataa kwa kichwa bila kuinua macho kwenye kabichi.

Alisafiri juu ya gari la farasi, mahali pa bei nafuu, upepo ukimpiga. Alifika London goti limekauka kama kuni. Roshani ya wageni ilikuwa imesongamana, ina joto, na chini yake waheshimiwa walikaa na kofia zao kichwani, wengine wamenyoosha miguu, wengine wanamenya machungwa. Gideon alishangaa kwamba mahali penye kauli ya nchi nzima palifanana na ukumbi wa mnada wa ng'ombe. Yule wa kaskazini alisema kwa muda mrefu, wenzake wakikohoa makusudi ili anyamaze. Kisha Spika akalitaja jina, na Jenerali akasimama, akavua kofia.

"Hakuna mtu humu," alianza, "anayempenda askari wa Kiingereza kuliko mimi."

Gideon akainama mbele.

"Nimekula naye, nimelala naye kwenye tope. Na kwa sababu nampenda, nasema: msimwondolee mjeledi. Wengi wao hutoka kwenye jela na vilabu vya pombe. Ondoeni mjeledi, na mwaka kesho hamna jeshi. Mna kundi la wezi wenye bunduki."

Kelele za kuunga mkono zikapanda. Gideon alidhani amesikia vibaya. Alimgeukia jirani yake, mtu mnene mwenye mafua, akamwuliza, "Amesema nini?" Jirani akamwambia, "Nyamaza, bwana."

"Ninaye sajini mmoja wa zamani," Jenerali aliendelea, na sauti yake ikalainika. "Ndugu yake alichapwa mbele ya macho yake kwa wizi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomhukumu. Je, sajini huyo alinichukia? Waheshimiwa, majuma machache baadaye alinibeba mgongoni chini ya risasi, na mguu wake ukaharibika kwa ajili yangu. Hadi leo ni rafiki yangu. Hivyo ndivyo mjeledi unavyowatengeneza watu hawa!"

Wakapiga makofi na kugonga sakafu kwa miguu. Kura zilipohesabiwa, hoja ilianguka vibaya.

Jenerali, akiwa amezungukwa na watu waliokuwa wakimpa mkono, alimkuta Gideon nje kwenye ukumbi. Alichangamka alipomwona.

"Yelland! Umenisikia? Nimekutaja! Jina sikulitoa, lakini nusu ya Bunge watauliza ni nani."

Gideon alikuwa na maneno ya miaka mingi tumboni. Yalipanda mpaka kooni, yakakutana na mazoea ya miaka hiyohiyo mingi, na kilichotoka kilikuwa, "Nimesikia, afande."

Alijilaani njia nzima ya kurudi. Mwendesha gari alimwuliza kama mguu unamwuma, maana alikuwa akisonya peke yake kila baada ya muda.

Nyumbani hakusema neno mpaka Thirza alipomwekea viazi na nyama ya chumvi, akamwondolea sahani tena kabla hajala. "Sema kwanza."

Akasema yote. Thirza alikaa chini. Amos alikuwa mlangoni, ana udongo mikononi.

"Alitaja jina langu?" Amos aliuliza.

"Hapana. Alisema 'ndugu yake'."

"Afadhali."

"Afadhali? Amos, ameutumia mgongo wako ili wengine waendelee kuchapwa!"

"Na wewe uliutumia kumpeleka huko," Amos alisema. Hakusema kwa ukali. "Mimi sikukutuma, kaka. Nilikuwa nataka mtu mmoja tu katika dunia hii asiukumbuke. Wewe umeukumbuka kila siku."

Akarudi uani. Gideon alibaki akitazama mahali sahani ilipokuwa.

Uchaguzi uliofuata ulikuwa mkali kuliko yote. Bwana Lovibond, mwenye kiwanda cha sufu, alisimama kwa upande wa njano, na bia ilimwagika mitaani tangu asubuhi. Froud alikuja na lile koti mkononi. Thirza alifikiri mumewe atamfukuza. Gideon alilivaa, akafunga vifungo vyote.

"Gideon," Thirza akamwambia chini kwa chini, "usije ukafanya wazimu."

"Nimekuwa mwendawazimu muda mrefu. Leo ndiyo nina akili."

Alipanda jukwaa. Froud akamnong'oneza kuhusu mguu. Jenerali akamwitikia kwa kichwa.

"Jamani, mnanijua," Gideon alianza. "Nilimbeba mtu huyu. Mnajua hilo. Hamjui kwa nini. Aliniahidi kwamba siku akiwa na kauli ataukomesha mjeledi, na juzi nimemsikia Bungeni, kwa masikio yangu haya, akisema..."

"Piga!" Froud aliwaambia wapiga bendi.

Ngoma kubwa ikaanza, tarumbeta zikafuata. Gideon alipandisha sauti. Alikuwa na sauti ya sajini, iliyofundishwa kupita mizinga, lakini ilikuwa ya kijana, na koo lilikuwa la mzee. Waliokuwa mbele waliona mdomo wake ukifunguka na kufumba. Upande wa bluu, wakidhani anasimulia ule ukuta, walimshangilia kwa nguvu pale alipokuwa akisema "mwongo". Alipojaribu kumnyang'anya mpiga ngoma fimbo, watu walicheka wakasema Sajini leo kaonja mapema. Vijana wawili wa Froud walimshika kwapa, wakamshusha kwa upole, kama mgonjwa.

Jenerali alishinda kwa kura chache mno.

Lakini waliosimama karibu na jukwaa walikuwa wamesikia, na upande wa njano ukalinusa jambo. Siku mbili hazikupita, wajumbe wa Lovibond wakaja kibandani, wanaume watatu wenye kofia nzuri. Walitaka kupinga matokeo, walitaka mkutano mkubwa. Walikuwa wamesikia habari za ndugu yake.

"Tukimpandisha jukwaani, avue shati," yule mkubwa wao alisema. "Basi. Hana haja ya kusema neno. Mji mzima utalia, Bwana Yelland. Harcombe atakuwa amekwisha."

Gideon alimwangalia. Alikuwa ameliota jambo hilo nusu ya maisha yake: watu wauone ule mgongo. Kupitia dirishani alimwona Amos amechutama, anang'oa magugu, kola imefungwa mpaka juu katika jua la Juni.

"Kiwandani kwa Bwana Lovibond," Gideon akauliza, "bado mnawachapa watoto kwa mkanda wakisinzia?"

"Hilo ni jambo tofauti kabisa."

"Tokeni."

"Bwana Yelland, fikiria..."

"Tokeni, au nitawatoa kwa nyundo, na mguu mbovu hautanizuia!"

Walitoka. Gideon aliketi, hajui hata amemkasirikia nani zaidi.

Jenerali mwenyewe alikuja baada ya hapo, bila Froud, akiwa ameshika fimbo ya kutembelea kwa sababu ya ugonjwa wa jongo. Ilibidi ainame mlangoni. Thirza alimfutia kiti, akaenda kusimama pembeni, mikono kifuani, hana mpango wa kuondoka.

"Umeniumiza, Yelland," Jenerali alisema. "Ningetegemea hayo kwa mtu yeyote isipokuwa wewe. Nimekukosea nini? Na hasa wakati huu ambapo lile jambo lako limefanikiwa."

"Jambo lipi, afande?"

"Jambo letu! Nafasi yako kwenye nyumba ya askari wazee, London. Umekuwa ukinikumbusha tangu nikiwa meja. Nimewapigia magoti watu wengi, na sasa wamekubali. Chumba, chakula, koti jipya."

Thirza alifunika mdomo kwa aproni, na haikujulikana kama analia au anacheka.

"Sikuwahi kuomba chumba," Gideon alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hispania, afande. Jioni ile walipomchapa Amos. Ulikuwa unatapika kwenye ndoo. Ulisema ukiwa na kauli utalikomesha. Ulisema nikushike kwa neno."

Jenerali alimtazama, akakunja uso, akijitahidi kwa dhati. Hilo ndilo lililomwuma Gideon kuliko yote: mtu huyu alikuwa anajitahidi.

"Ndoo naikumbuka," alisema. "Nilikuwa na homa. Nilisema hivyo kweli?"

"Ulisema."

"Na ndilo ulilokuwa ukiniuliza? Miaka yote hii?"

"Ndilo."

"Mungu wangu, Yelland. Kwa nini hukulitaja?"

Gideon alikuwa na jibu, ila halisemeki mbele ya mtu aliyekuwa ofisa wake. Badala yake akauliza, "Ungejua, ungefanya nini?"

Jenerali alifikiri. Licha ya yote, hakuwa mtu wa hila.

"Ningekwambia mapema kwamba haiwezekani," akasema.

"Ningeshukuru," Gideon akajibu.

Jenerali alisimama. Kwenye mlango wa nyuma alimwona Amos, ambaye naye alikuwa amemwona. Wazee wawili wakatazamana juu ya matuta ya viazi. Jenerali alinyanyua mkono kana kwamba atavua kofia, akaugusa ukingo wake tu. Amos akasema, "Angalia kuku, bwana mkubwa," kwa sababu mmoja alikuwa karibu na buti lake. Jenerali akamruka yule kuku kwa shida, akaenda zake.

Chumba London hakikuchukuliwa. Kabla ya mwaka kuisha, serikali ikamzawadia Jenerali ugavana wa kisiwa kimoja cha miwa huko Karibiani, akajiuzulu ubunge, akapanda meli na masanduku yake, na miaka michache baadaye homa ikamzika huko. Aldercombe ilimwekea bamba la marumaru kanisani, lenye orodha ya vita vyake. Kiti chake alikichukua kijana mmoja wa ukoo mwingine, aliyelikodi lile jumba la kilimani na ambaye hakujua Hispania iko upande gani.

Gideon hakupanda jukwaa tena, ila hakunyamaza. Alikwenda kwenye kila mkutano, akazungumza na kila mtu aliyeleta kiatu, na safari hii alilitaja jambo kwa jina lake, mpaka wengine wakaanza kupeleka viatu kwa fundi wa mtaa wa pili. Mwishowe, baada ya askari mwingine kufa kwenye kambi nyingine, habari ikaja kwamba mijeledi imepunguzwa. Haikufutwa. Askari asichapwe zaidi ya hamsini.

Gideon aliisoma habari hiyo mezani, mara mbili, kisha akamsomea Amos, akingoja.

"Hamsini," Amos alisema. Alikuwa anamenya kiazi, na kisu kilisimama. "Mimi mpaka hamsini nilikuwa bado nakuita, kaka."

Thirza alileta sufuria, akaiweka katikati ya meza. Gideon alikunja gazeti, akasimama, akatafuta kofia.

"Unakwenda wapi tena?" Thirza akauliza.

"Kwa huyu mbunge mpya."

"Alikufukuza juma lililopita."

"Najua."

"Chakula kitapoa."

"Na kipoe," Gideon alisema, akatoka, na walimsikia akichechemea kwenye mawe ya barabara, akisonya, akipanda kilima.